Kabla ya kuketi kwa mshauri wa ndoa, muulize alisomea wapi

Mwaka wa sita wa ndoa yetu, mimi na baba Salma tulikuwa tunalala chumba kimoja bila kusemezana. Chanzo ni pesa alizokuwa akituma kwao Lushoto kimyakimya. Wazee wakatuita, wakasema tuvumiliane, tukaitikia. Kisha tukaenda kwa mtu aliyejiita mshauri wa ndoa. Hazikupita wiki mbili, maneno yetu ya chumbani nikayakuta saluni.

Aliyetusaidia ni mama mmoja mwenye shahada ya uzamili ya unasihi, yaani ushauri nasaha. Kikao cha kwanza hakutushauri chochote. Alichukua karatasi akachora koo zetu vizazi vitatu: miraba ya wanaume, maduara ya wanawake, na mstari uliokatwa pale watu walipoachana. Mume wangu akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Baba naye alikuwa akikasirika, anaondoka." Miaka sita sikuwahi kulisikia hilo kinywani mwake. Vikao vilivyofuata tulifanya zoezi moja tu: kabla hujamjibu mwenzako, rudia alichosema mpaka akiri kwamba umemwelewa. Jaribuni usiku wa leo, mtaona kazi yake.

Wengi humchanganya mtaalamu huyu na Baraza la Usuluhishi la kata. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mgogoro upite barazani kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano. Wanapatanisha, wakishindwa, wanathibitisha kwamba wameshindwa. Hawaketi nanyi miezi mitatu kuchimba mzizi wa ugomvi. Kule Marekani, anayetaka leseni ya tiba ya ndoa na familia husoma uzamili, kisha hufanya kazi kama miaka miwili chini ya msimamizi. Mimi huyo msimamizi namthamini kuliko cheti cha ukutani.

Kwa hiyo ukipiga simu, uliza bila haya: ulisomea wapi, nani anakusimamia, siri zetu unazitunzaje? Uliza pia kama atamwona kila mmoja peke yake kwanza. Hili nalisisitiza, maana mwanamke anayepigwa hawezi kusema ukweli mumewe akiwa kiti cha pembeni, na akiusema, ataulipia nyumbani. Kama kuna kipigo, anzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Vikao vya wawili vitasubiri.