Maswali ya Wasomaji: Meno na Mionzi

SWALI: Shikamoo daktari. Baba alitibiwa saratani ya ulimi kwa mionzi Ocean Road, akamaliza miaka mitatu iliyopita. Sasa gego la chini linamuuma. Kuna kliniki jirani wako tayari kuling'oa leo. Nimpeleke?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Asing'olewe kwanza. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa wa taya. Mtu mwingine aking'olewa, damu huganda tunduni na nyama huota ndani ya wiki chache. Kwa baba, tundu linaweza kubaki wazi, mfupa ukachungulia, ukafa kidogo kidogo, hata taya likavunjika. Miaka mitatu kupita si kinga. Hatari hii haina tarehe ya kuisha. Taya la chini huumia zaidi kuliko la juu, hasa kwenye magego yaliyokaa ndani ya eneo lililopigwa dozi kubwa, kama grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi).

Mpeleke idara ya meno, Hospitali ya Bombo, pamoja na karatasi za mionzi. Watakachotaka kujua ni upande uliopigwa na dozi. Karatasi zikiwa zimepotea, ombeni nakala alikotibiwa kabla koleo halijagusa jino.

Gego lililooza mara nyingi hutibiwa mzizi. Hata kichwa chake kikiwa kimekwisha, hukatwa usawa wa fizi, mzizi ukazibwa na kuachwa humo humo. Halipendezi, lakini mfupa unabaki umefunikwa. Ikishindikana kabisa ndipo ling'olewe, na hapo ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya: ang'oe taratibu, ashone fizi, aandike antibayotiki, kisha amfuatilie mpaka kidonda kifunge.

Kwa maumivu, ameze parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Mafuta ya karafuu na aspirini iliyosagwa visiguse fizi. Utando wa kinywa kilichopigwa mionzi ni mwembamba, huungua upesi. Akivimba, akipata homa au usaha, hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Tangu mionzi ya shingo mdomo wangu ni mkavu. Nanyonya peremende na machungwa ili mate yatoke, ila meno yanaoza kwenye ufizi.
Msomaji, Muheza

JIBU: Hizo peremende ndizo zinazoyaozesha, na chungwa linazisaidia. (Kumkataza mtu wa Muheza chungwa ni shughuli, tunajua.) Mate ndiyo huosha sukari na kupunguza makali ya asidi, yakipungua, kila utamu unakaa kwenye jino. Tumia jojo isiyo na sukari, na tembea na chupa ya maji, unywe funda dogo dogo.

Sukutua mara 4 hadi 6 kwa siku: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha beking soda. Usikosee ukanunua beking poda, ile imetiwa asidi. Changanya mapya kila siku. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziache, zinakausha zaidi.

Kinachookoa meno hasa ni floraidi. Muulize daktari wa meno kuhusu jeli yake na trei za plastiki zilizochongwa kwa vipimo vya meno yako. Kila usiku, baada ya mswaki laini, tia jeli nyembamba kwenye trei, vaa dakika 5 hadi 10, tema, usisuuze, usile wala kunywa kwa nusu saa. Wanaoacha baada ya miezi michache huoza upya, kwa kuwa mate mara nyingi hayarudi yote. Jeli isipopatikana, tumia dawa ya meno yenye floraidi 5,000 ppm (sehemu 5,000 katika kila milioni, huandikwa kwenye tyubu). Ile ya kawaida ya 1,450 ni bora kuliko kukosa kabisa.

SWALI: Mume wangu anaanza mionzi ya koo mwezi ujao, wanataka kumng'oa magego mawili yasiyouma. Lazima?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Kama yameoza sana au yanalegea, na yamo ndani ya eneo la mionzi, ndiyo. Kidonda kinahitaji angalau siku 14 kabla ya mionzi ya kwanza. 21 ni bora. Mwende wiki hii, maana mionzi nayo haifai kusogezwa mbele kwa ajili ya meno.