Maswali ya Wasomaji: Bwawa la Umma, Maji Yakijaa na Yakishuka

Barua nyingi tulizopokea zinahusu mabwawa ya umma yanayotumiwa kwa boti, uvuvi na mapumziko. Karibu zote zinagusa ule ukanda wa ardhi ambao msimu mmoja umefunikwa na maji na msimu mwingine uko wazi.

Sehemu yetu ya kushushia boti ni nzuri maji yakijaa. Kiangazi zege linaishia mbali na maji, na matrela yanakwama kwenye tope. Tulirefushe kwa kiasi gani?

Msipime kuanzia ukingo wa leo. Waulizeni wanaoendesha bwawa maji hushushwa hadi usawa upi, kisha ncha ya zege iwe walau mita 1 chini ya usawa huo. Mteremko uwe wa asilimia 12 hadi 15, maana yake kila mita 1 ya kushuka inadai zege la mita 7 au 8 hivi. Mteremko ukiwa mdogo kuliko hapo, gari linaingiza magurudumu majini kabla boti haijaelea. Ukiwa mkali zaidi, tairi zinateleza wakati wa kupanda na mzigo, hasa zege likishaota ukoga. Ndiyo maana zege huchorwa likiwa bado bichi: vijifereji vya kina cha sentimita 2 hivi, vilale mshazari ili maji na tope vitokee pembeni.

Kazi ifanyeni maji yakiwa chini kabisa. Pale pasipokauka, tumieni vibao vya zege vilivyokwisha kukomaa, vilazwe juu ya kokoto zilizosawazishwa.

Kinachoharibu sehemu hizi kuliko mafuriko ni tabia ya kupandisha boti kwenye trela kwa nguvu ya injini. Pangaboi linachimba shimo pale zege linapoishia, na udongo unarundikana nyuma ya shimo. Gurudumu la trela likivuka ncha linadumbukia na ekseli inapinda. Boti inayofuata inakwaruza chini kwenye lile rundo. Wekeni kibao kinachoagiza boti ivutwe kwa winchi, lakini msitegemee kibao peke yake: mbele ya ncha pangeni mawe makubwa yasiyosukumwa kirahisi, juu ya kitambaa cha kuchujia. Mafuriko yakileta matope, yaondoeni yangali laini.

Wageni wanalalamika kwamba tuta la bwawa halina kivuli. Tunaweza kupanda miti kwenye mteremko wake?

Hapana, hata miti midogo. Tuta la udongo linazuia maji kwa sababu limeshindiliwa. Mzizi ukipenya, na baadaye mti ukafa, mzizi unaoza na kuacha tundu linaloweza kuwa njia ya maji. Maji yakianza kubeba udongo kupitia humo, njia inapanuka yenyewe. Mti ukiangushwa na upepo unang'oka na bonge la tuta. Vichaka navyo vinaficha mashimo ya wanyama na unyevu unaojitokeza upande wa chini, yaani dalili zile zile ambazo mkaguzi anatakiwa kuziona mapema.

Pandeni nyasi fupi zenye mizizi mingi na kuzifyeka mara kwa mara. Miti ikae walau mita 8 kutoka mguu wa tuta. Kama mti mkubwa upo tayari, msiukate tu na kuacha kisiki, kwa sababu mizizi itaozea ndani. Mhandisi aamue maji yashushwe kiasi gani, kisiki na mizizi mikubwa ing'olewe, na shimo lijazwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata.

Kivuli kitafutieni mahali nje ya tuta, kwenye ardhi ya asili. Watu wakizoea kukatiza mtelemko wa tuta, jengeni ngazi. Kijia kinachokanyagwa msimu mmoja huwa mfereji mvua ikianza.

Maji yakishuka, watu wanalima ule ukanda ulio wazi na ng'ombe wanashuka kunywa. Tuzuie?

Kulima, ndiyo. Udongo uliotifuliwa unaingia bwawani maji yanaporudi, pamoja na mbolea yake. Fosforasi iliyomo ndiyo chakula cha ule mwani tutakaoueleza hapa chini. Badala yake, sieni mbegu za nyasi zinazoota upesi mara tu maji yanapoondoka, udongo ukiwa bado na unyevu. Mkichelewa, uso unapasuka na mbegu hazishiki.

Ng'ombe wapelekewe maji nje ya uzio. Bomba lijaze hori lenye koki ya boya, juu ya sakafu ya mawe au zege, kwa sababu hori likiwekwa juu ya udongo mtupu linazungukwa na tope kama lile mlilolikimbia. Piga hesabu ya lita 50 kwa ng'ombe mmoja kwa siku, na zaidi joto likizidi. Kuhusu magari, zuieni kabisa: ukoko mkavu unadanganya. Chomeni fimbo ya chuma. Ikizama kirahisi baada ya ukoko, chini yake ni tope bichi.

Joto likipanda, maji yanageuka kijani kama rangi iliyomwagika. Watu waendelee kuogelea?

Wasiogelee. Rangi hiyo mara nyingi ni bakteria wa bluu-kijani, na baadhi yao hutoa sumu. Kuna jaribio rahisi: vaa glavu, jaza chupa angavu robo tatu, iache bila kuitikisa usiku kucha. Kijani kikipanda juu na kufanya utando, uwezekano mkubwa ni hao bakteria. Kikizama, huenda ni mwani wa kawaida. Jaribio hilo halipimi sumu. Hiyo ni kazi ya maabara. Chukueni sampuli kwenye ghuba ambako upepo unasukumia utando, si katikati ambako maji yanaonekana safi.

Fungeni eneo hilo, mbwa na mifugo wasinywe. Kuchemsha hakuondoi sumu. Na msimwage dawa ya shaba kwa pupa: seli zikipasuka, sumu iliyokuwa ndani inatoka yote kwa mara moja.

Maboya ya kuonyesha mwisho wa kuogelea yanahama kila kiangazi. Nanga ni nzito ya kutosha. Kwa nini?

Nanga haina kosa, kamba ndiyo imekuwa ndefu mno. Kamba ya mita 6 kwenye kina cha mita 2 inaliruhusu boya kutangatanga zaidi ya mita 5 kila upande. Karibu na njia ya kumwagia maji ya ziada, umbali huo unampeleka mwogeleaji mahali pabaya. Pitisha kamba kwenye pete iliyo chini ya boya na ufunge uzito mdogo kwenye ncha yake: maji yakishuka, uzito unashuka na kuvuta kamba iliyolegea. Uzito uwe mdogo kuliko nanga kwa mbali, na pete iwe pana, la sivyo mwani unaizibia na kamba inaganda.

Maji yakishuka, ondoeni pia jukwaa la kurukia. Kina kilichokuwa salama mwezi uliopita huenda sasa kina visiki nusu mita chini ya uso.