Vipimo vya kumpa fundi wa kitanda cha mtoto

Dada, umeuliza kama fundi wa hapa Dodoma anaweza kumtengenezea mwanao kitanda salama. Anaweza, ila vipimo mpe wewe. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Ikizidi, mwili hupenya na kichwa hukwama. Hapo usikubali kabisa kukadiriwa kwa macho, nenda na futi yako. Godoro liwe gumu na lijae fremu; vidole zaidi ya viwili vikipita pembeni, ni dogo. Kutoka juu ya godoro hadi ukingo ziwe angalau sentimita 50, maana akianza kusimama atainama aanguke. Vanishi ikauke mpaka harufu iishe. Mto na blanketi zito usiweke, hata kwa baridi ya Julai: mvalishe nguo za kutosha, alale chali. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.