Maswali na majibu: vifaa tele kwenye lori, dereva hana mkataba

Malori yangu yanapeleka mzigo Lubumbashi. Nimefunga GPS ya kuonyesha lori lilipo na sensa za mafuta (vipimo vya dizeli ndani ya tanki), sasa nauziwa kamera za kumwangalia dereva. Zitapunguza siku za safari? (Tajiri, Kurasini)

Hapana. Kifaa kinakuonyesha lori limesimama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, hakilivushi. Siku zako zinaliwa na foleni za mipakani, mizani, na wakala wa forodha anayeanza kuhangaikia nyaraka lori likiwa limeshafika mpaka wa Tunduma. Mbane huyo kwanza.

Halafu nikuulize ambalo hukuuliza: madereva wako wana mikataba ya maandishi? Mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, na mikataba ilikuwa mojawapo ya madai yao. Tangu hapo matajiri wamenunua kila aina ya kifaa, na bado naandikiwa na madereva wanaoishi kwa posho ya safari: lori likikwama foleni, wao wanakula kwa kukopa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku moja isizidi saa 12 hata ukijumlisha ovataimu. Kamera ikimnasa dereva anasinzia, kabla hujamfokea itazame ratiba uliyompangia.

Sensa ilionyesha dizeli imepungua, tajiri akakata mshahara wangu wote wa mwezi. Ni halali? (Dereva, Mbeya)

Si halali. Soma kifungu cha 28 cha sheria hiyohiyo. Ili akukate kwa hasara, lazima uwe umekubali kwa maandishi, akueleze kwa maandishi chanzo na hesabu ya hasara, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Akikataa kukurudishia, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Usingoje akuonee huruma.

Kuhusu sensa: lori likipanda mlima Kitonga mafuta yanaegemea upande mmoja wa tanki na namba zinayumba. Tanki likibadilishwa bila sensa kupimwa upya, inadanganya safari nzima. Dai grafu ya safari yote. Mafuta yakinyonywa, mara nyingi mstari unashuka ghafla lori likiwa limesimama. Kama ulinyonya, grafu hiyohiyo itakuumbua, na mimi simo.

Demereji na storeji ni kitu kimoja? (Wasomaji wengi mno)

Hapana, na nimechoka kulijibu. Storeji inadaiwa na bandari kwa mzigo kukaa eneo lake. Demereji anadai mwenye meli kwa sababu umeng'ang'ania kontena lake. Unaweza kudaiwa zote mbili kwa wakati mmoja. Ulizia siku zako za bure, yaani zile ambazo bado hudaiwi, kabla meli haijafika, siyo wiki ya tatu ndipo unaniandikia kwa herufi kubwa.

Roboti zitawanyang'anya makuli kazi? (Mwanafunzi wa ugavi, Dodoma)

Umechelewa. Kontena, linaloinuliwa na kreni badala ya migongo ya watu, lilianza kuwanyang'anya mwaka 1956, meli ya Ideal X ilipoondoka Newark, Marekani, na makontena 58. Makuli waliobaki wako kwenye magodauni, wanalipwa kwa gunia, na hakuna tajiri atakayenunua roboti wakati mgongo wa kijana unapatikana kwa bei hiyo. Andika utafiti wako kuhusu hao.

Programu gani inafaa stoo ya vipuri? (Morogoro)

Excel. Ila anayeandika asiwe yuleyule anayetoa mzigo, na rafu zihesabiwe kwa mkono kila mwezi.