Kanuni ya theluthi peke yake haitoshi

Ndugu, umesema warsha ya upigaji picha imekufundisha kanuni ya theluthi (kugawa fremu mara tatu kwa wima na kwa ulalo, na kumweka mtu kwenye mistari hiyo) na gridi, yaani mistari hiyo kwenye skrini ya kamera, umewasha, ila picha zako za watu bado zimejaa vitu na jicho halijui litue wapi. Gridi inakuonyesha pa kumweka mtu. Haiondoi vurugu iliyo nyuma yake.

Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kingo zote nne za fremu. Tafuta nguzo inayoota kichwani, mfuko mweupe pembeni, tawi lililojipenyeza. Hatua moja kushoto, au kupiga goti, mara nyingi inaondoa vyote. Ukilazimika kukata mwili, kata katikati ya paja au ya mkono wa juu. Ukikata kwenye goti, kiwiko au kifundo, mtu anaonekana kama amepungukiwa kiungo.

Kwa lenzi yako ya milimita 18-55 (namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta karibu), tumia 50 hadi 55 na f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi), mtu asimame mita 3 au zaidi mbele ya ukuta ili nyuma pafifie. Ukimsogelea kwa 18, pua inakua. Mstari wa upeo wa macho unyooshe palepale, maana kuunyoosha kwenye kompyuta kunakula kingo.

Warshani mpe mwalimu picha 5 zilizokushinda, si zile nzuri. Hapo ndipo utajifunza kweli.

Jambo moja la hatari: usichungulie jua kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera yenye kioo cha ndani (DSLR), hasa kwa lenzi ndefu, linaunguza jicho. Ukibaki na doa lisiloondoka, muone daktari wa macho siku hiyohiyo.