Migawanyo ya uwezekano kwenye lahajedwali: kwanza ujue unahesabu au unapima

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: namna ya kukokotoa na kuchora mgawanyo wa binomia, wa Poisson na ule wa kawaida kwenye Excel, kwa nini chati yako ya nguzo imetoka na rangi mbili wakati ulitaka moja, na kwa nini NORM.DIST imekupa 39.89 ilhali uwezekano hauvuki 1. Hilo la tatu ndilo zito. Ukilielewa, mengine yanakaa sawa haraka sana, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha kusaga nafaka, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa mbegu. Lahajedwali nalitumia kila siku ya kazi, kwa hiyo mifano yangu itatoka huko.

Kabla hujaandika fomula yoyote, jiulize: kitu hiki ninakihesabu au ninakipima? Mbegu zilizoota unazihesabu. Ni 17 au 18, hakuna mbegu 17 na nusu. Uzito wa pakiti ya unga unaupima, na kati ya gramu 2,010 na 2,011 kuna uzito mwingine mwingi tu, mizani yako ndiyo haiuoni. Swali hilo moja linaamua fomula, linaamua aina ya chati, na linaamua namba unayoisoma ina maana gani.

Tuanze na kuhesabu, kwa binomia: mara ngapi jambo linatokea kati ya majaribio yenye idadi maalumu. Tuseme kifuko cha mahindi kimeandikwa uotaji asilimia 90. Unachukua mbegu 20, unazikunja kwenye kitambaa chenye unyevu, unasubiri siku zake, unahesabu zilizoota. Kama maandishi ya kifuko ni ya kweli, utarajie nini? Weka 20 kwenye seli B1 na 0.9 kwenye B2. Kuanzia A5 hadi A25 andika 0, 1, 2 hadi 20. Kwenye B5 andika:

=BINOM.DIST(A5,$B$1,$B$2,0)

na kwenye C5 fomula ileile, ila 0 ya mwisho iwe 1. Buruta zote mbili hadi mstari wa 25. Alama za dola usiziache, maana bila hizo fomula itashuka pamoja na wewe na kuanza kusoma seli tupu.

Ile 0 au 1 ya mwisho (unaweza pia kuandika FALSE au TRUE) ndiyo inayowachanganya wengi. Ukiweka 0 unauliza, "uwezekano wa kuota mbegu hizi kamili ni upi?" Ukiweka 1 unauliza, "uwezekano wa kuota idadi hii au pungufu ni upi?" Zingatia neno "au pungufu", kwa sababu namba yenyewe imo ndani. Kwa mbegu zetu, kupata 15 au pungufu ni 0.0432, na kupata 16 au pungufu ni 0.1330. Sasa mwalimu akiuliza uwezekano wa kupata angalau 16, jibu ni 1 kutoa ile ya 15, yaani 0.9568. Ukitoa ile ya 16 unapata 0.8670, ambao ni uwezekano wa angalau 17. Swali la "angalau" linaangusha watu kwenye mitihani kuliko fomula yenyewe, kwa hiyo ukiliona, shuka hatua moja kabla ya kutoa.

Halafu fanya ukaguzi ambao haukupotezei hata nusu dakika: =SUM(B5:B25) lazima ilete 1. Isipoleta 1 kuna mstari umeruka au dola umeisahau.

Sasa tazama namba hizo zinavyosaidia. Mkulima anaotesha mbegu 20, zinaota 16, anapiga hesabu: asilimia 80, nimedanganywa, narudisha kifuko dukani. Jedwali linasema hata mbegu za asilimia 90 za kweli huleta 16 au pungufu mara 13 hivi katika kila majaribio 100. Ushahidi huo ni mdogo. Lakini angeotesha 100 na zikaota 80? Asilimia ni ileile 80, ila =BINOM.DIST(80,100,0.9,1) inaleta takriban 0.002, yaani mara 2 katika 1,000. Hapo ana haki ya kulalamika. Ndiyo sababu maabara zinazofuata kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, hupima mbegu 400, wala hazitosheki na kiganja kimoja. Badilisha B1 na B2 uone nguzo zinavyosogea. Utajifunza mengi kuliko kukariri kanuni.

Kuhusu chati ya rangi mbili: Excel imeichukua safu yako ya 0, 1, 2, 3 ikadhani nayo ni data, ikaichora. Ndiyo maana kuna nguzo zinazopanda kama ngazi na zile zako halisi zimelala chini hazionekani. Dawa ni kuiacha seli A4 tupu kabisa, uandike kichwa kwenye B4 tu, kisha uchague A4 hadi B25 na kuingiza chati ya nguzo. Kona ikiwa tupu, programu inaelewa kwamba safu ya kwanza ni majina ya mhimili. Au chagua safu B peke yake, uchore, kisha uhariri lebo za mhimili mlalo uzielekeze kwenye safu A. Na tafadhali usiunganishe vichwa vya nguzo kwa mstari. Mstari unamwambia msomaji kwamba kati ya mbegu 17 na 18 kuna kitu, na hakipo.

Poisson nayo ni ya kuhesabu, ila hapa hakuna ile "kati ya 20". Unahesabu matukio katika muda au eneo fulani, nawe unajua wastani tu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz, aliyechapisha mwaka 1898 hesabu za askari wa Prussia (dola ya zamani ya Ujerumani) waliouawa kwa kupigwa mateke na farasi. Kwa vikosi 10 katika miaka 20 kuna rekodi 200 za kikosi kwa mwaka. Rekodi 109 hazikuwa na kifo, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na 1 vinne. Jumla ni vifo 122, wastani 0.61.

Weka 0 hadi 4 kwenye A5:A9, hesabu hizo kwenye B5:B9, na wastani upate kwa =SUMPRODUCT(A5:A9,B5:B9)/SUM(B5:B9). Uweke huo wastani kwenye B1, kisha C5 iwe =200*POISSON.DIST(A5,$B$1,0) na uburute. Utaona 108.7, 66.3, 20.2, 4.1 na 0.6. Ziweke pembeni mwa 109, 65, 22, 3 na 1. Mimi mpaka leo nikiiona safu ile nafurahi, maana hakuna aliyewapangia farasi zamu. Chora B kama nguzo na C kama nukta juu yake. Ni chati nzuri kuliko Poisson ya kubuni ambayo haina cha kulinganisha nacho.

Jambo moja ambalo vitabu vingi hulipitia haraka: kwenye Poisson, wastani na varianzi (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ni sawa. Kwa data ya farasi varianzi ni 0.608, karibu kabisa na 0.61. Kwa hiyo kabla hujaitumia Poisson kwenye data yako mwenyewe, kokotoa zote mbili. Varianzi ikiwa mara tatu ya wastani, matukio yako yanakuja kwa makundi, mfano wateja wanaoshuka pamoja kwenye basi, na Poisson haitakufaa hata chati ikipendeza. Pia kumbuka Poisson haina kikomo cha juu, kwa hiyo safu yako haitajumlisha 1 kamili. Endelea kushuka hadi safu ya limbikizo (ile ya fomula yenye 1 mwishoni) ifike 0.9999, inatosha.

Sasa kupima, yaani mgawanyo wa kawaida, na ile 39.89 yako. Umesema ulikuwa na pakiti za unga za kilo 2, wastani wa kilo 2.01, mchepuko sanifu (kadiri pakiti zinavyotofautiana na wastani kwa kawaida) 0.01, ukaandika =NORM.DIST(2.01,2.01,0.01,0). Excel haikukosea, na wewe hukuandika vibaya. Kwenye kitu kinachopimwa, 0 ya mwisho haileti uwezekano. Inaleta msongamano: kiasi cha uwezekano kwa kila kilo moja ya upana wa mhimili. Kwa kuwa data yako yote imebanana kwenye upana wa sehemu ndogo sana ya kilo, msongamano lazima uwe mkubwa ili eneo lote chini ya mkunjo libaki 1.

Ukitaka kujithibitishia, geuza kila kitu kiwe gramu: wastani 2,010, mchepuko 10. Pakiti ni zilezile, unga ni uleule. =NORM.DIST(2010,2010,10,0) inaleta 0.0399, ndogo mara 1,000. Sasa weka 1 mwishoni na uulize pakiti zilizo chini ya kilo 2: =NORM.DIST(2,2.01,0.01,1) kwa kilo, =NORM.DIST(2000,2010,10,1) kwa gramu. Zote zinaleta 0.1587. Msongamano unafuata kipimo ulichochagua, uwezekano haubadiliki. Kwa hiyo kwenye mgawanyo wa kawaida, 0 ni ya kuchorea na 1 ni ya kujibia maswali. Ukiulizwa kati ya gramu 2,000 na 2,020, toa limbikizo la 2,000 kutoka lile la 2,020, utapata 0.6827.

Na hiyo 0.1587 si ya mtihani tu. Ina maana pakiti 16 hivi katika kila 100 zina upungufu, ingawa wastani wa mashine uko juu ya kilo 2. Mteja hanunui wastani, ananunua pakiti moja. Ukitaka zenye upungufu zisizidi asilimia 1, andika =2000-10*NORM.INV(0.01,0,1). Inakuja 2,023.3, na huko ndiko wastani wa mashine unapotakiwa kusogezwa, au upunguze mchepuko kwa kuirekebisha mashine ili usigawe unga wa bure.

Kuuchora: wastani B1, mchepuko B2, zote kwa gramu. A5 iwe =$B$1-4*$B$2, A6 iwe =A5+$B$2/10, buruta hadi A85. B5 ni =NORM.DIST(A5,$B$1,$B$2,0), nayo iende hadi chini. Kisha tumia chati ya mtawanyiko yenye mstari laini usio na nukta. Usitumie chati ya mstari ya kawaida, kwa sababu ile huzichukulia x kama majina tu na kuyapanga kwa nafasi sawa, hata kama namba zenyewe zimerukaruka. Ukitaka kutia rangi sehemu ya upungufu, ongeza safu C yenye =IF(A5<=2000,B5,0) na uchore B na C kama chati ya eneo bila kuzipandanisha; hapo nafasi sawa haina madhara kwa kuwa hatua zako zote ni sawa. Ukaguzi wa eneo: =SUM(B5:B85)*B2/10 iwe karibu kabisa na 1.

Kuna mwanajukwaa hapo juu amekushauri utumie mgawanyo wa kawaida badala ya binomia n (idadi ya majaribio) ikiwa kubwa. Namheshimu, ila ushauri huo ulikuwa wa zama za majedwali ya kuchapwa. Jaribu kwa zile mbegu 100: =NORM.DIST(80.5,90,3,1), ambapo 90 ni wastani, 3 ni mchepuko sanifu, na nusu imeongezwa kwenye 80 kwa sababu mbegu zinahesabiwa, inaleta takriban 0.0008, wakati jibu halisi la binomia ni 0.002. Huko mkiani umekosea zaidi ya nusu, na mkiani ndiko maamuzi yanakofanyika. Kompyuta inakokotoa binomia yenyewe papo hapo, kwa hiyo itumie, isipokuwa mwalimu ameagiza makadirio.

Mgawanyo wa eksiponensha hukuuuliza, lakini utakutana nao kwenye muda wa kusubiri. EXPON.DIST inataka kasi, haitaki wastani. Wateja wakija kila dakika 5 kwa wastani, unaweka 1/5, hivyo =EXPON.DIST(5,1/5,1) ni 0.632. Ukiweka 5 pale pa kasi utapata kitu kisichotofautiana na 1.

Kama huna leseni ya Excel, LibreOffice Calc ni ya bure na inazo fomula zote hizi kwa majina hayahaya. Kompyuta ikikataa koma, weka nukta-mkato kati ya vipengele. Inategemea mipangilio ya lugha na nchi. Toleo la Excel likiwa la kabla ya 2010, majina ni BINOMDIST, POISSON, NORMDIST na EXPONDIST, na mpangilio wa ndani ni uleule.