Mama mkwe wako ndiye anayejua video ni ya nini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Kasarani. Harusi yetu ni Agosti, ibada Lang'ata na karamu Karen. Nimepata mpiga picha anayesifika sana. Yeye na wenzake wa video na droni wanataka Sh220,000. Mchumba wangu amekataa katakata. Anasema binamu yake ana kamera na atatupigia bure, kama alivyofanya juzi wakati wa mahari. Mama yake naye ameingilia, anataka video ndefu yenye hotuba zote za wazee, ushamba mtupu. Rafiki yangu aliolewa Desemba na video yake ya dakika nne kila mtu anaisifu Instagram. Nilikuwa tayari nimelipa arubuni ya Sh50,000 ili tarehe isichukuliwe. Naogopa naolewa na bahili. Nifanye nini?*
*– Bi Harusi Mwenye Mawazo*

Marahaba mwanangu, na pole. Kuandaa harusi Nairobi kunachosha hata mwenye nazo. Pole yangu inaishia hapo.

Hiyo Sh50,000 umeipenyeza mwishoni kama mtu anayepita nyuma ya nyumba. Hukusema mchumba wako anajua. Hukusema ilitoka wapi. Msichana aliyelipa kwa mshahara wake huandika hivyo, tena kwa maringo. Wewe umenyamaza, nami nakuuliza: ni pesa za mchango? Zile ambazo wafanyakazi wenzenu na wajomba wa kijijini wanatuma kwa M-Pesa kila mwenyekiti wa kamati anapowakumbusha? Kama ndizo, basi kabla hujamwita mwenzako bahili, jua kwamba wewe umetumia pesa za watu bila kikao.

Mwanamume aliyetoka kulipa mahari juzi, akasikia Sh220,000 za picha akashtuka, mimi simwiti bahili. Bahili hatoi mahari. Huyu anajua kwamba Septemba kuna kodi ya nyumba.

Tena hili limekuwa donda siku hizi. Watu wanachangisha mpaka majirani wanazima simu, halafu pesa zinaishia kwenye picha za kabla ya harusi msituni Karura na nguo za kubadilisha mara tatu. Siku yenyewe maharusi wanatoka kanisani wanapotelea kwenye foleni ya Ngong Road kwenda kupigwa picha kwenye bustani, huku wageni wameketi hemani saa nzima na nusu wakitazama sufuria zilizofunikwa. Nyanya aliyetoka Nyeri alfajiri analala kwenye kiti cha plastiki. Mkirudi, jua limekwisha. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta: mwaka mzima jua huzama kuelekea saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza halibembelezi mtu. Ile picha ya ukoo mzima, ambayo ndiyo watu wataiulizia, inapigwa usiku, nyuso nusu hazionekani.

Sasa mama mkwe, uliyemtupia neno la ushamba. Penye wazee haliharibiki neno. Video ya dakika nne ni muziki juu ya nguo inayopepea; sauti ya mtu haimo. Baba yako atakapokushika mkono akashindwa na maneno, hicho kitakatwa kwa sababu hakiendi na mdundo. Mama huyo ameshazika watu, anajua kinachotafutwa baada ya mazishi: sauti. Mtampa video yake ndefu, na mpiga video atamvisha kila mzungumzaji kipaza sauti kidogo au achukue sauti moja kwa moja kwenye mitambo ya muziki. Sauti iliyonaswa kutoka mwisho wa hema ni kelele za vijiko tu. Muulize hilo kabla ya kumuuliza habari ya droni.

Na hiyo droni, achana nayo. Sherehe yako iko Lang'ata na Karen, na Uwanja wa Ndege wa Wilson uko papo hapo. Kuna kanuni za droni za 2020, na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ndiyo inayotoa idhini. Mwambie huyo wa droni akuonyeshe kibali chake. Akianza kucheka, umepata jibu.

Mchumba wako namtetea kwenye pesa, kwenye binamu simtetei. Binamu ni mgeni. Atataka kula, atasalimia shangazi zake, na wakati wa pete atakuwa anafuta machozi. Picha zikiharibika utamfanya nini? Fundi wa kulipwa mwenye mkataba ulioandikwa unaweza kumpeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Binamu utampeleka wapi? Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wao watapatana, na lawama itabaki kwako wewe, uliyeolewa juzi. Mwacheni avae suti aje acheze.

Kwa hiyo tafuteni mtu wa kulipwa, ila kwa macho mawili. Zile picha ishirini za Instagram zimechaguliwa katika harusi nyingi, kwa hiyo sema unataka kuona harusi moja nzima, toka nywele zinaposukwa hadi keki. Tazama hasa picha za ndani ya kanisa lenye giza, na za chini ya hema lenye vitambaa vya zambarau au kijani, maana rangi hiyo hurudi usoni na ngozi yetu nyeusi ikaonekana kama ya mgonjwa. Uliza nani hasa atakuja, kwa sababu wapo wanaochukua harusi tatu Jumamosi moja na kukutumia kijana usiyemjua. Uliza kama kamera inaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kanisani, mwone pasta mapema kuhusu mahali wapiga picha wanaporuhusiwa kusimama. Tarehe ya kukabidhi kazi iandikwe, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwenu mpaka siku hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa hakimiliki yule aliyeagiza kazi, ila mkataba unaweza kubadilisha hilo, basi usitie sahihi kabla ya kusoma kama picha zako zitageuzwa tangazo la biashara yake.

Huyo uliyempa arubuni huenda asiirudishe, na kama hamkuandikiana, itakuwa vigumu kumbana. Muombe akupunguzie kazi: ibada, picha za familia papo hapo nje ya kanisa kukiwa bado na mwanga, na hotuba zote mpaka ya mwisho. Asije na droni, wala msizunguke bustani. Bei itashuka, na Sh50,000 zihesabiwe humo.

Lakini usimpigie yeye kwanza. Kaa na mchumba wako usiku huu, umwambie pesa ilitoka wapi, kisha mfungue pamoja daftari la kamati.